Ufunguzi wa Kituo cha Mbwa Wasiopukutisha Manyoya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Mlezi wa Mradi, ambaye pia ni mimi, ila kwa cheo kingine; wakuu wa idara, manaibu wao na wote wanaokaimu nafasi za manaibu; mama mkwe wangu mpendwa pale mbele, shikamoo mama; ndugu waandishi wa habari, wote wawili; wafugaji, wadau na mbwa wenu wa ngazi zote; na ninyi ambao sikuwataja, jihesabuni mmetajwa kwa uzito uleule. (Makofi. Mbwa mmoja anabweka.)

Ninasimama mbele yenu, na nikisema kusimama simaanishi kusimama hivi hivi tu, bali kusimama kimkakati, ili kuzindua Kituo Jumuishi cha Matunzo ya Mbwa Wasiopukutisha Manyoya, mradi ambao nimeubuni, nimeusimamia na nimeusifu mimi mwenyewe, tangu hatua ya upembuzi yakinifu hadi hatua hii ya pazia jekundu mnaloliona nyuma yangu. (Makofi ya safu ya mbele.)

Wengi mmeniuliza: mheshimiwa, kwa nini mbwa wasiopukutisha? Ndugu zangu, nyumbani kwangu ninaye mmoja, manyoya yake mawimbi mawimbi, na kwa miaka miwili sijaona unyoya hata mmoja kwenye kochi. Hapo ndipo nilipofikia ile nadharia yangu ambayo sasa ndiyo sera: kisichoanguka sakafuni si tatizo. Ofisini tunaitumia hata kwa barua zenu za malalamiko. Zote zimo kabatini, hakuna iliyoanguka. (Kicheko huko nyuma.) Asanteni kwa kuniunga mkono.

Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita, kwa nia njema kabisa, nilimwandikia barua mama kinyozi wa mbwa, yule pale mwenye aproni, aliyekuwa akichana na kunyoa mbwa wenu barazani kwake, nikamwagiza asitishe kazi hadi Kituo kifunguliwe, kwa kuwa huduma ya kisasa haiwezi kutolewa barazani. Alitii. Nampongeza kwa kukaa bure kizalendo. (Minong'ono.)

Basi leo, mbwa wa kwanza kuhudumiwa ni huyu wa mzee wetu, tarishi mstaafu. Mzee, mlete hapa jukwaani. Mnamwona? Anang'aa! Maofisa wangu wamemwogesha asubuhi hii kwa sabuni, mara mbili, kwa ajili ya picha. Asilimia mia moja safi! Mbona hatembei?

(Tarishi mstaafu: "Hawezi, mheshimiwa. Wiki nzima namnyanyua mimi. Akikanyaga tu analia, na usiku silali kwa kumsikiliza.")

Ni heshima ya hafla, mzee. Ameduwaa.

(Mama kinyozi anasimama: "Ameduwaa nini! Hebu mguse kwapani. Mbwa wa namna hii unyoya ukikatika hauanguki, unabaki humo humo unasokotana na wenzake. Usipomchana mpaka kwenye ngozi, kwapani, nyuma ya masikio, unakuwa zulia linalomvuta ngozi kila akinyanyua mguu. Halafu ninyi mmemwosha kabla ya kumchana! Maji ndiyo yamekaza mafundo. Miezi mitatu, baba! Miezi mitatu mmenifunga mikono!")

Ahsante mama, maoni yako yamepokewa na yataingizwa kwenye mchakato. (Mama kinyozi anapanda jukwaani. Anachukua mkasi uliokuwa juu ya mto mwekundu.) Mama, huo ni mkasi wa utepe. Mama? (Anatoa kitana mfukoni mwa aproni, anakipenyeza kati ya ngozi na fundo, anakata juu yake. Tarishi mstaafu amemkumbatia mbwa kichwa.) Haya, wananchi, hii nayo ni sehemu ya ratiba.

Nikirudi kwenye takwimu, Kituo kitahudumia mbwa mia nne kwa siku, kwa vitana elfu mbili, kwa kasi ambayo hata mbwa wenyewe... (Watu wanasogea jukwaani na mbwa wao, migongo kwa msemaji.) ...kwa kasi, nasema, ya kisasa! (Fundo kubwa kama sandali linaanguka sakafuni.) Naomba hilo lisiandikwe. Linapingana na sera. (Fundo la pili. La tatu. Mbwa anaweka mguu chini, anaujaribu, anapiga hatua mbili, tatu, halafu anamrukia tarishi mstaafu. Mzee analia waziwazi. Makofi, vigelegele.)

Asanteni! Asanteni sana! Nilijua nadharia yangu itawagusa. Katibu, andika: siku ya kwanza, mbwa walioitwa jukwaani mmoja, waliohudumiwa mmoja, mafanikio asilimia mia moja.

Kitana juu! Manyoya oyee! (Mama mkwe peke yake: "Oyee.")

Kwa kumalizia, shukrani. Namshukuru mke wangu kwa pazia hili, ambalo ni la sebuleni kwetu na linarudi leo leo. Naishukuru shule kwa viti. Namshukuru fundi rangi aliyetuchorea jengo zuri kwenye kadi za mwaliko, kwa kutumia kipaji chake tu, maana hapakuwa na jengo la kulitazama. Nawaomba msivute pazia. Nyuma yake ni ukuta wa ghala na ngazi ya huyo fundi. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama kinyozi, ambaye jana alituazima huo mkasi, na hadi dakika hii ndio kifaa pekee cha Kituo.

Sasa mama, unipatie nikate utepe, waandishi wanasubiri.

(Mama kinyozi, bila kuinua kichwa: "Panga foleni, baba. Mbele yako kuna mbwa saba.")