Nilivyomwamkia Mwenye Nyumba wa Bombambili

Leo sina uso. Ule niliokuwa nao asubuhi nimeuacha Bombambili, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya watu.

Nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nakata vitunguu vya watu nisiowajua. Nikimaliza beseni hili kuna lingine. Mkiona herufi zimerukaruka, ni machozi ya vitunguu. (Si yote.)

Mnamjua Saidi wangu, mwalimu wa hesabu asiyejua kuhesabu vijiko vya sukari. Kapata barua ya uhamisho. Kutoka kule kwetu, mbele ya Nakapanya, kuja shule moja hapa Songea mjini. Jumatatu anaripoti. Nyumba hatuna. Akaniambia, "Mama Yusufu, mimi nabaki kukabidhi vitabu vya shule. Wewe tangulia ukatafute pa kukaa. Safari hii chagua wewe."

Hiyo "safari hii" wengi wenu hamuijui. Ngoja niwaambie haraka, halafu turudi kwenye kucheka.

Kule tulikaa nyumba ya mwalimu. Nzuri, ya matofali, bati jipya. Ila ilikuwa peke yake. Duka la karibu lilikuwa mwendo wa kuinjika maharage, uende, urudi, uyakute yameiva. Jirani yangu alikuwa mkorosho. Yusufu, mtoto wetu wa kwanza, alipougua, Saidi alikuwa mbali kusahihisha mitihani. Simu haishiki. Alfajiri nikamfunga mgongoni nikaanza kutembea kutafuta pikipiki. Nikawa nahesabu hatua ili nisiogope. Nafika dukani niko kwenye elfu tano na kitu, na Yusufu alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa na siku kumi na moja.

Tulimzika siku ileile. Wanawake watatu wa pale dukani walikuja wakakaa na mimi mpaka saa tisa. Wakaaga. Njia ile ina tembo, ukichelewa hufiki kwako, siwalaumu. Tukabaki mimi na mkorosho. Nikawasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Nikajaribu kulia, nikaona kulia peke yangu kunachosha, nikaacha.

Tangu siku hiyo nahesabu hatua. Popote ninapokwenda. (Ni ugonjwa, najua. Saidi anasema mimi ndiye nilitakiwa kufundisha hesabu.)

Kwa hiyo masharti yangu ya nyumba yalikuwa haya. Soko nifike kwa miguu. Zahanati nifike kwa miguu, tena nikikimbia nifike kabla sijahema. Na majirani wawe wa kila namna. Wa kanisani wakienda misa, nibaki na wa msikitini. Wa msikitini wakienda Ijumaa, nibaki na wa kanisani. Nisikae tena na mti.

Jana nilionyeshwa nyumba moja nje ya mji. Vigae, geti kubwa, bomba mpaka ndani. Nikauliza, "Chumvi inauzwa wapi?"

"Unapanda boda."

"Na jirani?"

"Bado hajajenga."

Nikashukuru, nikatoka.

Leo asubuhi akanipigia dalali mwingine, kijana wanamwita Pasua. "Dada, ninacho chumba na sebule Bombambili, ndicho ulichokiota. Mwenye nyumba anaitwa Mzee Kanuti. Mzee mchangamfu, maneno mengi, utampenda. Nimeongea naye juzi asubuhi, anakusubiri kwa hamu. Geti la bluu. Mimi niko na mteja, wewe ingia tu, hapo hakuna hodi."

Hakuna hodi. Nikapenda hapohapo.

Nilivaa dera langu la njano. Nikanunua pazia kabisa, lenye maua (nyumba sijaiona, pazia ninalo, ndivyo nilivyo). Nikabeba na futi ya fundi cherehani ya kupimia dirisha. Kutoka sokoni mpaka geti la bluu, hatua mia nne na kumi na mbili! Njiani nimepita duka la Mkinga, nikapita mama wa Kinyasa anauza dagaa wa ziwani, nikapita Mmatengo na magunia yake ya kahawa, wote wameniitikia salamu. Nikigeuka huku naona mnara wa msikiti, nikigeuka huku naona msalaba wa kanisa. Moyo ukaanza kupanga vyombo.

Geti lilikuwa wazi. Uwanja umejaa watu. Turubai limefungwa, masufuria makubwa matatu yako motoni, wanawake kwenye mikeka. Na katikati bibi mmoja mfupi kavaa koti la kiume linalomfika magotini, kofia, miwani isiyo na vioo, na fimbo. Anatembea kwa kuchechemea, anafokea watu: "Nani kamwaga maji yangu? Nikigeuka tu, ndoo tupu! Nitawatoza hata hewa!" Watu wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

Nikajiambia, hawa wana komunio. Wakristo wakiwa na komunio huwa wanapika hivi. Nyumba ina komunio, ina vichekesho, ina wali. Zuhura, umefika.

(Wanaume waliokaa upande wa pili kimya, sikuwaona. Wale waliokuwa wanajifuta machozi bila kucheka, nao sikuwaona. Mtu akitafuta furaha anaona furaha tu.)

Bibi wa koti akacheza kidogo na fimbo yake. Nikapiga kigelegele.

Kirefu. Cha harusi.

Uwanja mzima ukanigeukia. Bibi wa koti akanisogelea, akanitazama kwa ile miwani yake ya matundu. "Wewe wa njano. Umetokea wapi?"

"Shikamoo bibi. Natoka Tunduru, Nakapanya."

"Myao?"

"Myao, bibi."

"Aaah!" Akapiga fimbo chini. "Nilishangaa nani mwenye roho ya namna hii. Mtani huyu! Wangoni, mtani wenu kaja!"

Basi hapo nikamwagiwa maneno. Mama mmoja akapaza sauti, "Babu zetu waliwakimbiza mkaacha mboga jikoni, leo umeifuata?" Nami sikukaa kimya, nikamjibu, "Nimekuja kuangalia kama mmeosha sufuria!" Wakaanguka kucheka. Nikawapenda wote. Nikaona nimfikie mwenye mambo kabla Pasua hajaleta mteja mwingine, nikasema kwa sauti, kila mtu anisikie: "Mimi nimekuja kwa ajili ya chumba. Naweza kuhamia lini?"

Nyie! Kicheko kilichotoka pale, kuna mama alimwaga mchele. "Hata hajakaa! Kashataka chumba!"

Nikacheka nao. Nikatoa futi yangu, nikapima dirisha la barazani. Futi nne kwa tatu. Pazia linatosha! Nikawaonyesha pazia. Wakacheka zaidi. Sikuelewa kwa nini watu wanafurahia pazia kiasi kile, ila kwetu ukarimu haukataliwi.

"Sasa mwenye nyumba mwenyewe yuko wapi nimuone?" nikauliza.

Bibi wa koti akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na sasa hakuwa anacheka. "Twende ukamuone, mtani. Ni haki yako."

Tukaingia. Nje jua kali, ndani giza, macho yangu hayaoni vizuri. Naona wanawake wamekaa chini kuzunguka ukuta. Katikati kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheupe, na mama mzee kando yake. Nikajua mzee kajipumzisha kitandani. Wazee ndivyo walivyo, watu uwanjani, yeye kalala. Nikapiga goti vizuri kama nilivyofundwa. Nikasema kwa sauti, maana wazee wengine hawasikii:

"Shikamoo mzee! Mimi ndiye mke wa mwalimu. Nyumba yako nimeipenda, dirisha nimeshalipima. Nakuomba usimpe mtu mwingine!"



Mama mmoja aliyekuwa anasali rozari akabaki kwenye punje aliyoifikia. Macho yangu yakaanza kuzoea. Nikaona mshumaa. Nikaona picha ya mzee anayecheka, amevaa koti. Lile koti. Nikaona kwamba kitanda kile hakina miguu.

Innalillahi ikanitoka mdomoni. Futi nayo ikanitoka mkononi, ikakunjuka mpaka kwenye miguu ya yule mama mzee, mjane.

Watani wa msibani nawajua! Kwetu pia wapo, wanakuja wanadai, wanachekesha waliofiwa ili wasivunjike. Lakini mtani aliyevaa marehemu mwenyewe, kofia mpaka fimbo, ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Nikataka ardhi ipasuke. Nikapima kwa macho mlango, hatua tano.

Hapo nyuma yangu, mlangoni, ikatoka sauti ya kiume, nzito, yenye kikohozi: "Marahaba, mwanangu! Umechelewa wapi? Chumba nimekufagilia tangu juzi!"

Alikuwa yule bibi. Kumbe ni Mama Atu, Mbena, jirani wa ukuta mmoja, miaka yote anamsikia mzee akiongea upande wa pili. Sauti ilimtoka ileile ya mzee. Nilijua ni ileile kwa sababu mjane aliruka pale alipokaa, akageukia mlangoni kama mtu aliyeitwa. Akaona koti na kofia. Akacheka. Wakaniambia baadaye kwamba hakuwa amefungua mdomo tangu juzi, si kwa maji, si kwa neno. Alicheka kidogo tu, halafu kicheko kikageuka katikati kikawa kilio.

"Ndiyo wewe?" akaniuliza akilia. "Alikusubiri. Juzi alifagia chumba kile mwenyewe. Namwambia baba Imelda acha, mgongo huo. Akasema anakuja mke wa mwalimu, ametoka mbali, asikute buibui. Jioni akasema nimechoka, ngoja nikae kidogo."

Nikajaribu kusema nisamehe mama. Likatoka jambo jingine. Nililia, jamani. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka wanaume wa nje wakachungulia. Dera la njano, pazia la maua mkononi, nimepiga magoti mbele ya mtu nisiyemjua.

Mama Atu akavua miwani. "Mtani, kumbe ulimfahamu mzee?"

Nikatikisa kichwa.

"Unamlilia nani basi?"

"Yusufu."

"Ana umri gani huyo Yusufu?"

"Siku kumi na moja."

Mjane akasogea kwenye mkeka wake. Akapiga mkono pale pembeni yake, mara mbili. "Kaa hapa."

Nikakaa. Mmoja akanifunika khanga juu ya lile dera. Mmoja akaanza kulia, nikamsikia anasema, "Yusufu, maskini, Yusufu." Mtu mwingine akitaja jina lake mbele yangu, mbali na Saidi! Yule wa rozari akauliza taratibu kama ni Yusufu nani, nikamwambia Yusufu Saidi, naye akamwingiza kwenye sala, baada ya Kanuti. (Mwanangu Mwislamu kasaliwa rozari Bombambili. Naamini Mwenyezi Mungu kapokea, anajua ilikotoka.)

Sijui tulikaa muda gani. Kwa mara ya kwanza sikuhesabu.

Wakati wa kutoka, mjane akaokota futi yangu, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Chumba ni chako. Kilifagiliwa kwa ajili yako. Tukimaliza matanga, lete vitu." Halafu akanitazama nguo. "Ila hilo dera, mwanangu."

Maziko saa kumi. Mimi nimepewa vitunguu, nadhani ili nipate sababu ya machozi.

Sasa hivi Pasua kapiga simu, mchangamfu. "Dada! Umemuona mzee?"

"Nimemuona."

"Mmeelewana?"

"Yeye hajakataa."

Nikamwambia habari, akakata simu. Nadhani yuko njiani, bila mteja.

Saidi naye kapiga. "Mama Yusufu, umepata nyumba? Ikoje?"

"Ina watu," nikamwambia.

"Maji je? Umeme?"

Sijauliza, jamani. Mpaka sasa sijui hata kama choo ni cha ndani. Najua tu dirisha ni futi nne kwa tatu, na kutoka mkeka wa mjane mpaka mlango wa chumba changu ni hatua kumi na nane.

Basi nawaomba msicheke. Na mkiambiwa na dalali kwamba mwenye nyumba anawasubiri, muulizeni kwanza anasubiri kwa namna gani.