Kompyuta Imemwambia Mkwe Wangu Lori Halijapakiwa

Kwa: Meneja Mkuu, Kiwanda cha Magodoro
Kutoka: Karani wa Usafirishaji, chumba cha pembeni mwa geti la malori
Kuhusu: Kompyuta kukosa adabu, na harusi ya binti yangu

Ndugu Meneja Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na familia yako, pamoja na wote wa ghorofa ya juu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauko sawa, na aliyeuharibu ni ile kompyuta uliyoniwekea mezani mwezi uliopita, pale palipokuwa pa simu.

Najua nia yako ilikuwa njema. Ulituita sote ukatueleza kwamba sasa kiwanda chetu na maduka ya samani, wateja wetu wakubwa, tutapeana oda, ankara na taarifa za mzigo kompyuta kwa kompyuta, bila karatasi, bila simu, bila watu wawili kuandika jambo lile lile mara mbili. Nilipiga makofi kuliko wote, waulize. Nilidhani kompyuta itafundishwa kazi kwanza ndipo ikabidhiwe kazi. Kwa masikitiko makubwa naomba kulalamika kama ifuatavyo:

1. Kompyuta haisalimii. Kabla haijaja, kila asubuhi nilikuwa nikipigiwa simu na mnunuzi wa maduka ya samani, yule mama ambaye hapa kiwandani tunamwita Mama Stoo. Tulianza na habari za nyumbani, tukaja kwenye miguu yake, tukapita kwenye mgongo wangu, tukailaumu mvua, halafu mwisho kabisa, kama jambo lililotuponyoka, tukataja magodoro. Ni katika salamu hizo tulipogundua kwamba yeye ana kijana wa kuoa na mimi nina binti wa kuolewa. Tukawakutanisha, wakapendana wenyewe bila kusukumwa, na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sasa hiyo kompyuta inaingia bila hodi: godoro namba fulani, idadi fulani, lifike siku fulani, basi. Hata askari akija kumkamata mtu husema kwanza habari za asubuhi.

2. Kompyuta inasema kweli. Hapa naomba uketi, kama umesimama.

Katika kazi yetu ya usafirishaji, Ndugu Meneja, mzigo haufiki kwa lori tu, unafika kwa maneno. Na maneno yana ngazi zake. Nikisema lori liko njiani, maana yake lori tunalo. Nikisema limeshatoka, limetoka gereji. Nikisema limevuka daraja, vijana wameanza kulipakia. Nikisema limekaribia, ndipo linatoka getini kwetu. Na nikiuliza kwa mshangao, kwani bado hamjaliona, hapo sasa ndipo liko njiani. Si bure wenzangu wakanibatiza Bwana Njiani, na jina hilo nimelibeba kwa fahari.

Usinifikirie vibaya. Mama Stoo naye ana zake. Akisema stoo yake tupu, hata godoro la kulalia paka halimo, nilijua ana ya kumtosha wiki nzima. Uongo wake ukisogea mbele, wangu unarudi nyuma, tunakutana katikati, na godoro linafika siku ile ile linapotakiwa. Waulize wenye maduka kama wamewahi kukosa godoro. Mitambo yote hii mipya imenunuliwa ili kufanya kazi ambayo watu wazima wawili walikuwa wakiifanya kwa mdomo.

3. Kompyuta imeniumbua mbele ya mkwe. Ilikuwa Jumatatu, wiki ile ya majaribio, simu bado inaruhusiwa. Mama Stoo akapiga kuuliza mzigo. Nikaruka ngazi, nikamwambia lori limevuka daraja. Kwa kuwa nampenda nikaongeza na vionjo, kwamba dereva amesimama kidogo kujaza upepo, na kwamba amenituma nimsalimie. Dakika ile ile, kwenye kioo chake kule, kompyuta yako ikamwandikia: mzigo haujapakiwa. Na kweli haukuwa umepakiwa. Lori lilikuwa hapo nje ya dirisha langu, limeinuliwa kwa jeki, gurudumu la mbele halipo, na dereva amelala juu ya magodoro hayo hayo ya Mama Stoo.

Alinisomea neno kwa neno kilichoandikwa kwenye kioo chake. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko matusi, kama na yale niliyomweleza kuhusu binti yangu nayo bado hayajapakiwa.

Ndugu Meneja, nimewahi kufokewa na wateja, na madereva, na wewe mwenyewe mara moja kule ghalani, lakini sijawahi kuumia namna ile. Niliyosema kuhusu binti yangu ni kweli tupu. Ana kazi yake, ana huruma, hana kisirani. Hapo kwenye kuamka alfajiri nilitia chumvi, nakiri, lakini mzazi gani hatii? Sasa Mama Stoo ametoa sharti. Hajavunja harusi, ila kila jambo atalihakiki mwenyewe, na nikikamatwa na uongo mmoja zaidi, kijana wake haji. Nyumbani binti hasemi na mimi. Mke wangu ananijibu kwa kichwa.

4. Kompyuta inakiri kupokea kabla sijapokea. Oda ikiingia tu, nayo inarudisha jibu lake yenyewe kwamba imepokelewa, iko sawa, asante. Mimi hata koti sijavua! Zamani niliweza kutoiona oda asubuhi nzima, na mtu wa kazi yangu anahitaji hilo ili apumue. Neno sijaiona limeniokoa mara nyingi kuliko daktari.

5. Kompyuta haielewi mtu. Mama Stoo alikuwa akisema nipe yale ya siku ile ila yawe manene kidogo, nami naleta hayo hayo. Mtaalamu wa mfumo, yule bibi mwenye miwani ya kamba, alitufungia chumbani na watu wa maduka mpaka tukapatana namba ya kila godoro, ya kwao na ya kwetu, moja baada ya nyingine, kama watu wanaogawana watoto. Kisha oda ya kwanza ikaja imekosa namba moja tu, kompyuta ikairudisha yote. Mimi ningenyamaza nikaijaza, na nisingemwaibisha mtu.

6. Tabia hii inasambaa. Mlinzi wa getini naye ameanza kuandika saa halisi za watu kuingia. Dereva akiulizwa alikuwa wapi, anasema alikuwa wapi. Na mke wangu, ambaye kwa siku tatu alikuwa hajanitamkia neno, jana alifungua kinywa kuniuliza kama mfumo huo unaweza kufungwa kwenye mtu.

Kwa hayo yote, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Kwanza, pawekwe kipengele cha salamu cha lazima, oda isipite mpaka mgongo wangu uulizwe. Pili, zile ngazi tano za njiani zipewe namba zake rasmi katika mfumo. Nilimweleza bibi wa miwani, akanijibu kwamba njiani ni moja tu, na kompyuta huitangaza pale lori likishapita geti. Nikamwambia ukali wa namna hiyo unabomoa nyumba za watu. Akaendelea kubonyeza.

Tatu, na hili ndilo kubwa, naomba barua yako yenye mhuri wa kiwanda kwenda kwa Mama Stoo, ithibitishe kwamba uongo wangu wote ulikuwa wa kikazi, ulisemwa saa za kazi kwa manufaa ya kampuni, na kwamba nikishatoka getini mimi ni mkweli kama mtu mwingine yeyote. Iongeze kwamba binti yangu hajawahi kuwa chini ya idara ya usafirishaji. Barua ikishindikana, basi kompyuta ifundishwe kudanganya kidogo tu, kwa majaribio, kwa Mama Stoo peke yake, mpaka harusi ipite. Baada ya hapo iseme kweli mpaka ichoke.

Nisalimie wa uhasibu, wa ghalani, mama wa mapokezi na kikohozi chake, na dereva ukimkuta yu macho. Mwambie bibi wa miwani sina kinyongo naye, ila ningefurahi kama angenisalimia.

Nabaki mtumishi wako mtiifu, nikisubiri majibu. Nikisema nasubiri, mara hii nasubiri kweli.

Karani wa Usafirishaji
(Bwana Njiani)

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, imebidi niifungue. Nimetoka sasa hivi kwa fundi anayeshona gauni la binti yangu. Wiki nzima amekuwa akiniambia gauni liko njiani, limebaki vifungo tu. Nimekuta kitambaa kimo ndani ya mfuko ule ule niliompelekea, fundo alilolifunga mke wangu halijafunguliwa, na fundi ameukalia! Huyu ni mtu wa namna gani, Ndugu Meneja? Mtu mzima anawezaje kumtazama baba wa bibi harusi machoni na kumwambia limebaki vifungo? Nakuomba sana, yale ya juu yaache kwanza, umtume bibi wa miwani kwa fundi leo hii, amfungie kompyuta hapo hapo kwenye cherehani, iniambie bila huruma mkasi umefika wapi. Salamu si lazima. Ila kompyuta hiyo iunganishwe na mimi peke yangu, tafadhali sana, maana Mama Stoo ameniuliza habari za gauni asubuhi ya leo, nami nimemwambia limeshavuka daraja.