Nusu Saa ya Kuganda

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa utafiti katangaza: Ijumaa atamchagua msimamizi wa sampuli. Funguo za friza! Tuko wawili tu, mimi na Bi Lebo, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hata kikombe chake cha chai kina lebo. Mke wangu nimeshamwambia cheo nimepata. Naye kamwambia mama yake. Sasa lazima nikipate.

Jumanne, 5 Machi
Vichupa arobaini vya damu vimeingia, ishirini kwa kila mmoja wetu. Kimoja kati ya vyangu ni cha mama mkwe, nilimwomba ajitolee. Agizo la ukutani: damu iachwe igande nusu saa, ndipo izungushwe kwenye mashine. Bi Lebo kapanga vyake mezani, kaikodolea saa macho. Nusu saa nzima! Friza si ipo? Nikatia vyangu humo. Dakika kumi na tano tu, vimeganda kama kokoto. Kuviyeyusha kumechukua saa nzima, lakini hilo haliandikwi popote.

Jumatano, 6 Machi
Damu ikishazungushwa, maji yanayobaki juu hutakiwa yawe ya njano. Yangu mekundu. Bi Lebo kaniuliza kwa upole kama niliviweka kwenye baridi. Nikamjibu kila mtu na vichupa vyake. Kwenye fomu nimeandika: damu nzito, watu wenye afya.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu yametoka. Potasiamu ya watu wangu ishirini iko juu mno. Daktari anasema walipaswa kuwa wodini, kama si mochwari. Wamepigiwa simu wote. Mama mkwe kapokea akiwa anafua, kaambiwa alale asiinuke. Mke wangu kalia. Nami nimelia, chooni. Nimeogopa kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari kaniita. Kaeleza kuwa baridi ilipasua seli, zikamwaga potasiamu iliyomo, na miezi mitatu ya utafiti iko shakani kwa ajili yangu. Akamalizia polepole, "Niliandika igande. Sikuandika igandishwe."
Lugha ndiyo imeniponza! Funguo kapewa Bi Lebo. Sijafukuzwa, yeye kaniombea. Hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 9 Machi
Watu ishirini wamerudi kutolewa damu upya. Mama mkwe kanyoosha mkono, kasema, "Haya bosi, hii usiiharibu." Mke wangu bado hajui kuwa cheo sikupata, sembuse yeye. Bi Lebo kaniagiza viachwe mezani nusu saa, nisiviguse. Sawa. Kosa lilikuwa baridi, nimetubu, friza sirudii tena.
Ila nusu saa ni ndefu, jamani. Na dirishani kuna jua kali. Nimevisogeza huko, cha mama mkwe mbele.