Utafiti wa Subira ya Mwananchi

Mamlaka ya Taifa ya Subira ilitangaza, mbele ya kamera na sinia za sambusa, kwamba hatimaye tatizo la foleni katika ofisi za Kampala limepatiwa ufumbuzi wa kisayansi. Foleni hazitapunguzwa. Wananchi watafundishwa kuzipenda.

Dawa yenyewe ilikuwa hotuba iliyorekodiwa ya Mkurugenzi, Madamu Lamwaka, iitwayo "Kusubiri ni Kujenga Taifa". Kazi ya kuthibitisha kwamba inatuliza watu alipewa Daktari Ojera, mwanasaikolojia pekee wa Mamlaka, aliyesomea uhalali wa vipimo mpaka nywele zikamtoka. Uhalali, alipenda kuwaeleza majirani zake wa Ntinda hata wasipomwuliza, ni kuhakikisha mizani inapima nyama, si kidole cha muuza nyama.

Alipanga jaribio safi. Watu waliokuja kuomba leseni za biashara waligawanywa kwa kura: hawa ukumbi wa kwanza, bila hotuba, wale ukumbi wa pili, na hotuba. Viti vile vile, joto lile lile, na katika kumbi zote mbili hakuna aliyehudumiwa, ili kulinda ubora wa utafiti. Ojera mwenyewe angeketi humo na kuandika kila lalamiko.

Asubuhi, ukumbi wa kwanza ulimchosha mkono. Walilalamikia viti, serikali, mvua ambayo haijanyesha, na sura yake. Baada ya chakula cha mchana, sahani nzima ya matoke, akahamia wa pili. Hotuba ikaanza. "Ndugu wananchi, subira ni miundombinu ya moyo..." Ojera akaegemeza kichwa ukutani ili asikie vizuri.

Aliamshwa na Halimah, mwenye duka la vipuri Kisenyi, aliyekuwa akimtikisa bega.

"Daktari, amka ssebo. Watu wamegomba mpaka wamechoka, wamerudi nyumbani."

"Waligomba?"

"Banange! Hata spika wameng'oa ukutani. Wewe unakoroma tu. Sasa leseni yangu iko wapi?"

"Bado uko kwenye utafiti, mama," alisema Ojera, akajichukia papo hapo.

Karatasi yake ya ukumbi wa pili ilikuwa nyeupe kama shuka la hoteli. Kesho yake akaenda kwa Mkurugenzi.

"Madamu, utafiti umeharibika. Nililala."

"Malalamiko uliyoandika penye hotuba ni mangapi?"

"Hakuna, lakini..."

"Hakuna." Madamu alilitamka neno polepole, kama mtu anayeonja asali. "Na wewe mwenyewe, ulitulia?"

"Sana, Madamu."

"Basi hata mtafiti ameguswa. Matokeo yamezidi matarajio!"

Ojera alitaka kusema neno kuhusu mizani na kidole. Akakumbuka kuna wanasaikolojia wengi mjini wasio na kazi. Akatia saini.

Ripoti ilishangiliwa mpaka kwenye Baraza la Mawaziri. Madamu alipoona upepo ni wake, akaenda kwa Waziri Otema kuomba mkataba wake uongezwe, akamchukua Ojera ambebee ripoti.

"Mkataba wako naujua," alisema Waziri kwa upole. "Kuna foleni kidogo. Ila nimesoma kazi yenu, nikaona nikuheshimu kwa njia yako mwenyewe." Akabonyeza kitufe. Sauti ya Waziri ikajaa ofisini, ikieleza historia ya wizara tangu mwanzo kabisa. "Daktari, kaa naye. Akilalamika hata kwa kuguna, andika. Nilisimama mbele ya Baraza nikasema sayansi hii ni ya kweli. Nikikuta ni uongo, tutaongea vingine."

Akaenda kula.

Madamu akaketi wima, meno yote nje. Hotuba ikamaliza utangulizi, ikaanza utangulizi mwingine. Jasho likamteremka shingoni. Akafungua mdomo, akaiona kalamu ya Ojera ikiinuka, akaufunga.

Hatimaye akamwinamia, tabasamu likiwa bado mahali pake.

"Ojera, ndugu yangu," alinong'ona, "kwani leo huna usingizi?"

"Sina, Madamu. Leo nimekunywa kahawa."