Fomu Iliyotaka Kumhamisha Mzee Mbae

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya wakwe zangu. Na wala hawajawa wakwe bado, ndiyo maana aibu yenyewe imezidi.

Mliobaki Unguja mnajua nilirudi Moroni, Komoro, kwa babu zetu, na huu ni mwaka wa pili. Kazi yangu ni kutengeneza fomu za kwenye tableti. Si zile za kujaza tu kutoka juu mpaka chini. Hizi zangu zina kanuni ndani: ukijibu hivi inakuuliza lile, ukijibu vile inaruka maswali kumi. Na kwa wasiosoma, inauliza kwa sauti, Kingazija safi cha huku. Sauti yenyewe niliirekodi kwa Fauzia. (Ndiyo, yule yule. Tulieni.)

Sasa posa yangu kwa Fauzia iko kwa baba yake, Mzee Mbae, na huu ni mwezi wa nne. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kila nikituma mtu jibu ni moja: "Mzee anafikiri." Kwa hiyo tulipoambiwa leo tunaanza kuandikisha kaya za mtaa wa Badjanani zitakazopewa matangi ya maji, nikajipangia nyumba yao iwe ya kwanza. Nilitaka mzee anione kazini. Anione mtu wa maana!

Na fomu yangu nilikuwa naiamini. Wiki nzima tuliijaribu mitaani, mchana, tukakuta wanawake peke yao majumbani. Kila mmoja anajibu chap chap, fomu inateleza, hakuna kosa hata moja. Nikatembea kifua mbele.

Saa nne asubuhi nipo sebuleni kwao. Mzee Mbae kakaa kwenye kiti chake, kanzu na kofia, mtu aliyefanya ndoa kubwa mpaka mji mzima ukala. Kaka zake wawili pembeni. Fauzia na mama yake, Bi Echat, wako jikoni, mlango wazi. Nikaomba nizungumze na Bi Echat, kama tulivyozoea.

"Niulize mimi," akasema mzee. "Kwani mimi si mkuu wa nyumba?"

Nani abishane naye? Nikaweka tableti mezani. Sauti ya Fauzia ikatoka, tamu kabisa: "Nyumba hii ni mali yako?"

"Hapana," akajibu mzee bila wasiwasi wowote. "Ya mke wangu. Alijengewa na baba yake."

Bila shaka! Huku ndivyo ilivyo. Nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Mtoto mchanga analijua hilo. Mimi nalijua. Fomu yangu ndiyo haikujua, maana maswali ya nyumba niliyachukua mazima mazima kutoka kwenye fomu ya zamani niliyoitengeneza Unguja. Na wale wanawake wote wa wiki nzima walikuwa wanajibu "ndiyo, yangu", kwa hiyo njia ya "hapana" hakuna aliyewahi kuipita. Wa kwanza kuipita ni baba mkwe. (Bahati yangu hiyo.)

"Unaishi kwa kodi?" ikauliza sauti.

"Kodi ya nini? Nimeoa!"

Nikabonyeza "hapana". Nilipoliona swali linalofuata, nikatamani kuizima tableti.

"Pole sana," ikasema sauti ya Fauzia, kwa ule upole niliomfundisha mwenyewe. "Umepewa hifadhi katika nyumba hii tangu mwaka gani?"

Kaka mmoja akakohoa.

"Hifadhi?" Mzee akageukia jikoni. "Fauzia! Unamuuliza nani?"

"Si mimi, Baba! Ni yeye kaandika!"

(Mchumba wangu huyo. Hakungoja hata sekunde mbili.)

Nikakimbilia kupunguza sauti, nikaiongeza. Swali likarudiwa, sasa linasikika mpaka uchochoroni, na mpita njia akasimama kuchungulia. Kuliruka hakuna, maana kanuni ya kutoliruka niliiweka mimi mwenyewe.

"Andika," akasema mzee, kidole juu. "Niliingia nyumba hii mwaka walioingia mamluki. Sabini na nane! Wakaja na bunduki zao, wakakaa, wakatutisha miaka na miaka, wakaondoka. Mimi bado nipo! Hakuna aliyenihamisha!"

Nikaandika 1978. Fomu ikakaa kidogo, kisha ikauliza: "Je, mwenye nyumba amewahi kukutishia kukufukuza?"

Bi Echat akatoka jikoni na mwiko wake. "Nimemtishia. Leo leo, kwa viatu vyake juu ya mkeka wangu." Akainama, akabonyeza "ndiyo" kwa kidole chenye unga.

Kioo kikawa chekundu. Nikajua nimekwisha, kwa sababu nyekundu inakwenda moja kwa moja Mutsamudu, kisiwani Nzuani, kwa Nassur, mwenzangu anayepokea majibu. Dakika haijapita, simu inalia. Nikaipokea, na kwa kiherehere nikabonyeza spika.

"Kaka!" Nassur anapiga kelele. "Kaya ya kwanza tu, umekuta mzee anatupwa nje? Mwambie asiogope! Tutamtafutia pa kulala! Godoro lipo!"

Nikakata. Nikamtazama mzee usoni, sikuambulia chochote. Nikasema moyoni, posa imekwenda. Miezi minne ya kungoja, nimeimaliza kwa mikono yangu. Wallahi nilikuwa karibu kulia, na umri huu!

"Baba, nisamehe," nikasema. "Kosa ni langu, Fauzia hana lake. Naomba niende."

"Kaa," akasema mzee. "Yamebaki maswali mangapi?"

"Moja, Baba."

"Lisome mwenyewe. Huyo binti yangu mzime."

Nikalisoma: "Kuna mtu mwingine anayetarajiwa kuhamia katika nyumba hii?"

Mzee Mbae akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Yupo," akasema. "Ghorofa ya juu namjengea Fauzia. Mume wake atahamia huko, kama nilivyohamia mimi. Andika yupo."

Kaka zake wakaitikia kwa vichwa. Nikaandika "yupo". Chini yake kikatokea kisanduku kipya.

"Jina lake, Baba?" nikauliza. Ndiyo, niliuliza! Fomu inataka jina, nami akili ilishahama.

Mzee akanitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kumbe ni kicheko alichokibana muda wote ule.

"Mwanangu," akasema, "jina lako mpaka nikutajie mimi?"

Jikoni kikapigwa kigelegele, cha Bi Echat hicho. Nami nikakosea herufi za jina langu mwenyewe mara tatu, machozi yananitoka waziwazi, na kaka mmoja akanipa leso yake.

Basi wenye kucheka, chekeni leo leo. Kuanzia kesho mimi ni mkwe wa watu, sichekwi ovyo.