Posa Yangu na Mganga Anayegeuka Mnyama

Jumatano, 9 Juni 1976

Mjomba Rajabu amenipelekea posa kwa Mzee Msabaha, kumwomba binti yake Mardhiya. Jibu Jumapili. Sadallah naye kapeleka yake! Baharia wa meli, suruali pana, maneno mengi. Karudi kutoka Ulaya na mchezo wa dadu na hadithi, na sasa barazani kwa Mzee Msabaha hakuna anayegusa bao. Kila mtu anachagua awe nani ndani ya hadithi, anasema afanyalo, na dadu zinaamua kama limefaulu. Mzee ndiye mfalme na ndiye mwamuzi. Sadallah kachagua askari mwenye upanga. Mimi mganga wa msituni, anayegeuka mnyama yeyote amtakaye. Sadallah akacheka, akasema kazi ya mganga ni kufunga vidonda. Hajui kitu. Askari ni askari tu kutwa nzima. Mimi ni jeshi zima ndani ya kanzu moja. Mzee akiuona ushujaa wangu, Mardhiya ni wangu.

Alhamisi, 10 Juni

Nimegeuka chui. Majambazi waliovamia ngome nimewararua wote, Sadallah bado anachomoa upanga. Kisha nikapita mbele ya mfalme, nikaenda zangu. Mzee akauliza mbona sikumwamkia. Nikamjibu kwamba chui hawezi kusema shikamoo. Akasema basi angeinama. Sadallah, mnafiki, akapiga magoti palepale mkekani, akatoa shikamoo ndefu kama treni. Akaitikiwa marahaba na kuongezewa kahawa. Kikombe changu kilibaki kitupu.

Jumamosi, 12 Juni

Jana nimewaza kutwa, hata hotuba ya Ijumaa sikuisikia vizuri. Chui ana makucha, lakini adui bado humkaribia. Anatakiwa mnyama ambaye Mwislamu hathubutu hata kumgusa. Nilipompata nikacheka peke yangu njiani.

Nguruwe!

Leo Mzee katupambanisha mimi na Sadallah. Askari akainua upanga. Nikatangaza kuwa nimegeuka nguruwe, tena nimelowa matope. Sadallah akasita. Akinigusa itambidi ajioshe mara saba, moja kwa udongo, na katika hadithi mto uko mbali. Akarudi nyuma, nami nikamfuata mpaka akatumbukia katika mtaro wa ngome. Nimeshinda bila hata mkwaruzo. Nikageuka nipongezwe. Mikidadi, mchezaji mwenzetu, akasogeza kikombe chake mbali nami. Haji, aliyeketi kando yangu, akakunja mkeka upande wangu. Wivu huo.

Jumapili, 13 Juni

Mjomba karudi na jibu. Mardhiya kapewa Sadallah.

Mzee kasema kijana aliyezunguka Ulaya yote na bado anaogopa najisi hata mchezoni, huyo ni mtu wa kuozwa binti. Mimi hanilaumu kwa kucheza. Kinachomtia hofu ni kwamba nilipewa wanyama wote wa Mwenyezi Mungu nichague, nikafikiri siku nzima, nikaangukia hapo.

Imeniuma. Wali wa nazi umenishinda, na mama kapika kwa ajili yangu.

Lakini mahari bado haijapelekwa, na kosa nimeshaliona. Nguruwe huharibu mashamba. Mkwe gani atampenda? Mbwa ni tofauti. Mbwa hulinda nyumba, ni mwaminifu, na anayemgusa hujiosha mara saba zile zile. Nimemwomba mjomba arudi kesho asubuhi kwa Mzee Msabaha, amweleze kwamba nguruwe nimemwacha kabisa, na kuanzia sasa nitakuwa mbwa.