Nimeaga, Nchi Bado Sijachagua

Jumatatu, 2 Februari 1987

Nimeamua. Naondoka Malindi, nakwenda kufanya kazi ng'ambo! Nchi bado.

Wazo limetoka kwa Rolf, Mjerumani wa chumba namba nne hapa gesti ninapofagia na kutandika vitanda. Rolf ana miaka ishirini na miwili, mdogo kwangu kwa mwaka mzima, na ameshachuma zabibu Ufaransa, ameosha vyombo Uswizi, amekamua ng'ombe Nowei. Mali yake yote imo kwenye begi la mgongoni. Anafika mahali, anafanya kazi, anachoka, anahama. Mimi nimefika Mombasa mara mbili, na zote mbili nilipelekwa hospitali.

Nilimwomba ushauri. Akasema kwanza nichague nchi, mengine yatafuata. Ochola, karani wetu, akanifungulia atlasi yake ya tangu shule. Tukaitazama mpaka chai ikapoa. Ujerumani ina kazi lakini ina baridi. Australia ina jua, lakini kwenye atlasi ya Ochola imeliwa na mende nusu nzima. Maskati kuna jamaa zetu, ila binamu yangu Msellem alishakwenda, nami simfuati Msellem popote. Alikaa huko miezi saba akarudi na redio kaseti na miwani ya jua. Redio imekufa. Miwani haivui hata akiwa ndani ya nyumba.

Fomu ya pasipoti ninayo tangu Oktoba. Nimeijaza yote isipokuwa pale wanapouliza unakwenda nchi gani.

Jumanne, 3 Februari

Akili imenijia nikipiga deki!

Kwetu mtu hasafiri bila kuaga. Unazunguka kwa wazee mmoja mmoja, unaanza na mkubwa, unaomba radhi, na kila mmoja anakupa kitu cha njiani. Ukimruka mmoja atanuna mpaka siku ya mazishi yako. Sasa basi. Watu huchagua nchi halafu wakaaga. Mimi nitaaga kwanza! Kila mzee nitamtajia nchi yake, na nchi itakayoleta zawadi bora ndiyo nitakayokwenda. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hivi.

Nimeanza na Bibi Shekha, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nikamwambia Ujerumani. Akauliza kama kuna baridi. Nikasema ipo ya kugonganisha meno. Akanipima mabega kwa macho. Kisha akasema mikono yake haijafa bado, nimpe siku tatu. Akanishika kichwa akanisomea dua fupi. Kwa sasa Ujerumani inaongoza.

Jumatano, 4 Februari

Mjomba Omar, fundi cherahani wa sokoni. Yeye nimempa Australia. Nilimchagulia mbali ili zawadi iwe kubwa. Hakuniuliza hata neno moja. Aliweka kando kanzu za watu, akaja gesti na futi shingoni, akampima Rolf akiwa amebeba begi lake, juu, chini, ubavuni. Atanishonea kama lile, la turubai. Rolf maskini alidhani anashonewa suti. Alisimama wima akanyoosha mikono.

Mchana nikamkuta Shangazi Mastura, aliyekuja kutoka Mambrui kuuza nyanya. Nikamwambia Maskati, maana mumewe ana ndugu kule. Akalia palepale, juu ya matenga, wateja wanangoja. Akasema mashemeji watafurahi mno, ataniletea chupa nne za achari ya embe niwapelekee.

Nimejisikia vibaya kidogo. Nikala. Ikapita.

Alhamisi, 5 Februari

Msellem amefika gesti na miwani yake. Amesikia nakwenda Maskati, amekuja kunipa mawaidha. Nikamwambia si Maskati. Akauliza ni wapi basi. Nikasema ni siri. Akacheka kwa pua.

Sikujali. Ila kabla hajaondoka akanipa salamu za Bibi: kesho baada ya sala ya Alasiri kuna kisomo nyumbani, cha kuniombea safari njema. Jamaa wote wameitwa.

Wote! Pamoja! Kwenye ukumbi mmoja! Hili sikulipiga hesabu.

Nimemweleza Ochola. Akafunga atlasi. Akasema kwao mtu akifikia hapo huugua ghafla. Nikaona ni shauri jema. Nikaenda nyumbani, nikalala, nikakohoa. Bibi akaniletea asali na tangawizi, na nilivyokuwa nimelala hivyo akanipima mikono kwa uzi. Hapo ndipo nilipoona. Shali yake ya sufu, ile aliyoletewa na marehemu babu, imebaki kipande cha kiganja. Anaifumua ili anifumie sweta.

Yarabi toba! Nani aliyenituma kutaja Ujerumani?

Wengine wakinicheka, watacheka na watachoka. Lakini Bibi akininyima radhi nitakwenda wapi mimi? Nimekohoa tena. Safari hii ni kikohozi cha kweli.

Ijumaa, 6 Februari



Kisomo kilijaa. Ubani, kahawa, halwa, sufuria mbili za biriani. Wanaume ukumbini, wanawake nyuma ya pazia. Nilikaa katikati nimevaa kanzu mpya, natabasamu kama bwana harusi. Mambo yakaenda vizuri mpaka Maalim alipotaka kuomba dua yenyewe. Akageuka, akauliza kwa upole kijana anakwenda nchi gani ili aitaje.

Mjomba Omar akasema Australia. Shangazi Mastura, kutoka nyuma ya pazia, akasema Maskati. Jirani mmoja wa Bibi akasema wee, ni Ujerumani, sweta yafumwa!

Kisha Msellem, miwani usoni, akaomba tu kuiona pasipoti.

Nikasema ni fomu. Maalim akauliza fomu imeandikwa wapi. Nikasema hapo pako wazi. Mtu mmoja akacheka, halafu wote, mpaka kikombe cha kahawa kikapinduka. Nikaona bora niseme. Nikasema yote, zawadi, hesabu, nchi tatu. Masikio yananiwaka. Wanaume walicheka tena. Mimi nilikuwa nasikiliza pazia tu, na nyuma ya pazia hapakuwa na sauti.

Mwisho Bibi akasema kutoka kule ndani kwamba biriani imeiva, watu wameacha kazi zao, na yeye hajaona dua ikirudishwa jikoni. Maalim asome. Maalim akainua mikono, akamwomba Mola anifikishe salama mahali nitakapopajua mwenyewe, siku nitakayopajua. Watu wakaitikia amin. Msellem ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, na akavua miwani. Sikutegemea.

Baada ya kula nikamrudishia Mjomba begi la turubai, alilokuja nalo limeshashonwa. Akakataa. Alisema turubai limekatwa kwa mgongo wangu, Rolf ni mwembamba. Shangazi naye akakataa kurudishiwa achari. Ila akasema jambo moja liko wazi: mtu aliyeombewa safari hawezi kuonekana kesho sokoni ananunua mkate. Itakuwa aibu ya ukoo. Nyanya zake zinaivia shambani, watu wa kuchuma hapana. Basi niende Mambrui.

Mambrui! Naweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi, 7 Februari

Asubuhi nilikwenda chumbani kwa Bibi. Nilipiga magoti. Nikamwomba radhi, na safari hii si kwa hesabu yoyote.

Akanivisha sweta. Joto la Februari! Akasema alijua tangu Jumanne kwamba hakuna safari. Mtu anayekwenda mbali huja na hofu, mimi nilikuja nachungulia kabati lake. Nikamuuliza basi kwa nini ameifumua shali ya babu. Akasema kwani mvua zilizopita nani alikohoa miezi miwili? Shali ilikuwa kabatini haimfai mtu. Na radhi yake, akasema, nilipewa siku niliyozaliwa, nisimsumbue kila wiki.

Nililia ndani ya mikono ya sweta. Ni mirefu, inafaa kwa kazi hiyo.

Ochola ameahidi kunishikia ufagio mpaka nitakaporudi, na atlasi amenipa moja kwa moja, na mende wake. Msellem alinisindikiza hadi daraja la Sabaki. Pale akanipa miwani. Mwenye begi la mgongoni huenda kwa miguu, kwa hiyo nikaenda kwa miguu. Nguo zangu, achari chupa nne, atlasi, sweta mwilini. Nilipumzika mara kumi na moja. Sijawahi kuwa na watu wazuri hivi, au nilikuwa nao sikuwaangalia. Alhamdulillahi.

Jumanne, 10 Februari

Nachuma nyanya. Mgongo umekwisha. Mume wa shangazi, Mzee Tsuma, ni mtu wa maneno machache, na mengi yake ni "bado ule mstari." Lakini jioni napewa samaki, wali wa nazi na kitanda cha kamba, na kila anayepita ananiuliza hali ya Bibi.

Leo amefika nani? Rolf! Alikuwa anaelekea Ngomeni, akaona nyanya, akaomba kazi. Mzee Tsuma akampa tenga. Rolf alichuma siku nzima anaimba. Kisha akaandika kadi kwao kwamba amepata kazi ng'ambo, pazuri, familia njema. Nilikasirika sana! Shamba ni lilelile, nyanya ni zilezile, mimi nimefukuzwa kuja hapa, yeye amesafiri!

Halafu nikaangalia tena. Kweli pazuri.

Jumapili, 15 Februari

Siku tano na Rolf zimenifundisha mengi. Kosa langu nimeligundua. Nilitaja nchi ambazo ndugu zangu wanazijua!

Leo nimerudia, kwa utaratibu. Nimemuaga Shangazi, nikamwambia Nowei. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli, nikasema kweli, akaenda kutafuta blanketi. Mzee Tsuma nimempa Uswizi. Amefikiri, kisha akaniletea kisu chake kizuri cha shambani. Imamu wa msikiti nimempa Ufaransa. Mungu awazidishie wote, sina cha kuwalipa.

Shangazi amefurahi hata amewaita watu Ijumaa, baada ya Alasiri. Atapika pilau.

Fomu ninayo hapa. Ile nafasi nitaijaza wakishanipa vyote.